Simu Nne za Shangazi

Shangazi yangu ni wakala wa kutuma na kutoa hela Tandika, Dar es Salaam, hatua chache kutoka sokoni. Juu ya meza yake kuna simu nne ndogo za batani, kila moja imefungwa mpira wa rangi yake ili umeme ukikatika asiokote isiyo yenyewe. Kila simu ina laini yake, namba yake ya uwakala na floti yake. Floti ya huku haimhudumii mteja wa kule. Akiishiwa upande mmoja, upande huo unafungwa hata kama pande tatu zimejaa.

Jumamosi moja mtandao mmoja kati ya hiyo minne uligoma kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Mama mmoja alikuwa ametumiwa hela ya dawa ya mtoto na mwanawe mwingine aliyeko Mwanza. Ujumbe ulishaingia, kiasi kinasomeka, lakini hela haitoki. Alikaa kwenye benchi la Shangazi karibu saa sita, kila baada ya muda anainua simu, anajaribu, anaiweka. Mwishowe Shangazi akampa elfu kumi za mfukoni mwake, akaandika kwenye daftari.

Jioni alikuja mdogo wangu, anayefanya kazi kitengo cha kadi katika benki moja mjini. Mzee wetu wa nyumba ya pili, mstaafu wa benki, naye akaja na birika lake la kahawa kama ilivyo desturi yake. Maneno yalianzia kwa yule mama wa dawa, yakaenda mbali. Nayaandika kwa sababu ni maneno ya nchi nzima, si ya wataalamu peke yao kwenye kumbi za hoteli. Pale nilipokuwa na la kwangu, nimelisema.

Mdogo wangu: Shangazi, hela ya yule mama ilikuwa wapi mchana kutwa?

Shangazi: Kwenye simu yake.

Mdogo wangu: Kwenye simu hakuna hela. Hela yenyewe imelala benki, hapa hapa nchini, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni ya simu inatakiwa kisheria kuitunza, shilingi kwa shilingi. Kilichogoma ni mtambo unaoweka hesabu ya nani ana ngapi. Mtambo ukinyamaza, hela ipo lakini huna. Ndiyo maana nauliza kila siku: mitambo hii ni ya nani, na anayeizima anamjibu nani?

Shangazi: Wewe uliza hayo. Mimi nauliza kamisheni inaingia lini.

Mdogo wangu: Yanahusiana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja kwetu 2008. Tunaisema kama mali ya Afrika Mashariki, na kweli namna ya kuitumia tuliipanua sisi wenyewe, lakini mtambo ulikuwa wa Vodafone ya Uingereza. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Muuza mitumba wa Gikomba akimtumia mwenzake wa meza ya pili shilingi mia mbili, hesabu ilikwenda Ulaya ikarudi. Safaricom na Vodacom walikuja kulinunua jina na mtambo mwaka 2020.

Shangazi: Na ile mia mbili ilifika?

Mdogo wangu: Ilifika.

Shangazi: Basi nisikilize na mimi. Kabla ya simu hizi, hela ya bibi yako Songea nilikuwa naifunga kwenye bahasha nampa kondakta wa basi. Mara mbili haikufika. Benki nilikwenda. Nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa, picha mbili, na mdhamini mwenye akaunti. Nilikuwa nauza vitumbua, baba, mdhamini mwenye akaunti ningemtoa wapi? Walionikataa walikuwa wenyeji. Aliyenipa namba akaniambia kuanzia leo wewe ni wakala alikuwa mgeni. Sitamsahau kwa sababu tu wewe umesoma.

Mzee aliweka kikombe chini. Nilidhani atamtetea mdogo wangu, maana wote wawili ni watu wa benki.

Mzee: Hilo linanihusu mimi, mama, kwa kuwa nilikuwa upande wa ndani wa dirisha. Niliingia Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, nikiwa kijana, na historia yake tulifundishwa siku ya kwanza. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao walitaifishwa. Matawi yao yakawa NBC. Tuliamini kazi imekwisha: nchi ina benki yake na wafanyakazi wake. Kisha mashirika ya umma yakakopa, vyama vya ushirika vikakopa, na wakubwa wa mikopo hiyo hawakuwa watu wa kuandikiwa barua ya kudaiwa. Mpaka inakuja Tume ya Nyirabu kuchunguza mabenki, na sheria ya mabenki ya 1991, vitabu vilikuwa vimejaa mikopo isiyolipika. Mwaka 1997 tukagawanywa, NMB ikatoka humo. Mwaka 2000 asilimia 55 ya NBC ikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Kwa hiyo kijana, neno "yetu" nimelitumikia. Ukinitajia, nauliza kwanza ni yetu kwa namna gani.

Mdogo wangu: Mzee, benki na njia ya malipo si kitu kimoja. Benki ile iliangushwa na mikopo. Swichi haimkopeshi mtu. Inapokea ujumbe, inaupeleka unakokwenda, halafu inajumlisha nani anamdai nani.

Mzee: Hapo nakukubali. Endelea.

Tofauti hiyo ndogo ina uzito kuliko inavyoonekana. Kila ninapowasikia watu wakibishana kuhusu mifumo ya malipo ya kigeni, mmoja anazungumzia kampuni, wa pili anazungumzia hela, wa tatu anazungumzia waya unaounganisha kampuni na kampuni, na wote wanatumia neno moja. Mgeni akimiliki duka, unaweza kwenda duka jingine. Akimiliki barabara inayokwenda kwenye maduka yote, huna pa kwenda.

Mdogo wangu aliinua simu moja moja. Hii, alisema, mwenye hisa nyingi ni Vodacom ya Afrika Kusini, nayo iko chini ya Vodafone. Hii ni Airtel, Bharti ya India, ingawa serikali yetu ina asilimia 49 tangu makubaliano ya 2019. Hii uliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa, siku hizi Mixx by Yas, ni ya kundi la Axian lenye chimbuko Madagascar. Na hii ya Halotel ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Shangazi alizichukua, akazirudisha kila moja mahali pake.

Shangazi: Zote nne zinalipa kodi hapa na zimeajiri watoto wa hapa. Tena leo imegoma moja, tatu zimefanya kazi. Watu wa mitandao mingine wametoa, wametuma, wamelipa umeme. Ukiniletea njia moja ya taifa, siku ikigoma hiyo nitafanya kazi na nini?

Kwa miaka nimesoma makala za watu wenye vyeo kuhusu uhuru wa malipo, na hoja hii sijaiona ikipewa nafasi inayostahili. Simu nne zinamchosha Shangazi, zinamgawia mtaji vipande vinne, lakini ndizo zilizomwokoa siku ile. Mdogo wangu hakukimbilia kujibu, na nilimpenda kwa hilo.

Mdogo wangu: Siombi ziondoke. Nikueleze TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo hapo, unavyofanya kazi, kwa sababu unautumia kila siku na hujaambiwa. Unakumbuka zamani ukitaka kutuma mtandao mwingine, mwenzako anapokea namba ya kwenda kutolea?

Shangazi: Nakumbuka. Wazee walikuwa wanazifuta bila kujua.

Mdogo wangu: Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel walikubaliana hela iingie moja kwa moja kwenye simu ya mteja wa mwenzao. Vodacom wakaingia 2016. Ilikuwa hatua kubwa, lakini kila kampuni iliunganishwa na mwenzake mbili mbili. Kampuni tano zinahitaji viungo kumi. Ongeza benki ishirini, unahitaji mia tatu, na kila kiungo kina mkataba wake na bei yake. Benki Kuu ikatengeneza TIPS, ikaanza kazi kwa awamu mwaka 2021. Kila mmoja anaunganishwa mara moja tu, pale Benki Kuu, na anawafikia wote. Ukituma ndani ya mtandao mmoja, muamala hauondoki humo. TIPS inahusika hela inapovuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ikigoma, simu zako nne bado zinafanya kazi, kila moja kwa watu wake.

Mzee: Na nani aliijenga?

Mdogo wangu: Wahandisi wa Benki Kuu wenyewe. Walianzia kwenye Mojaloop, programu huria ambayo jina lake limetokana na "moja" hii hii yetu.

Mzee: Programu hiyo nani aliigharamia mwanzo?

Mdogo wangu: Taasisi ya Gates, Marekani.

Mzee: Basi mgeni bado yumo.

Mdogo wangu: Yumo kama fundi aliyekuachia ramani ya nyumba. Msimbo uko wazi. Wahandisi wetu wanausoma, wanaurekebisha, wanauendesha kwenye mitambo yao. Hakuna leseni atakayoiondoa mtu kwa barua. Ninachokikataa ni kile ambacho mwenzako anaweza kukuzimia akiwa kwake. Kutumia kazi ya mgeni sina ugomvi nako.

Mzee alitikisa kichwa, akamimina kahawa nyingine. Shangazi aliuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo: kama kwenye simu tumeshapata TIPS, wasiwasi wote huu wa nini? Mdogo wangu akatoa kadi yake ya benki.

Mdogo wangu: Wa hii. Mimi nina akaunti benki ya Dar, mwenye duka la Mlimani City ana akaunti benki ya Dar, na sote tuko ndani ya duka lake. Nikigusisha kadi hii, malipo yanapita kwenye mtandao wa kampuni ya Marekani. Kanuni zake anaziandika yeye, ada anapanga yeye, anaikata kutoka kwa benki, benki nayo inamkata mwenye duka, na mwenye duka anaiweka kwenye bei ya mchele. Ukinunua kitu mtandaoni, ukilipia programu ya simu, mgeni akilipia hoteli Nungwi, ni njia hiyo hiyo. Visa na Mastercard. Hata Ulaya wanalilia jambo hili: nchi 13 za ukanda wa euro hazina mfumo wa kadi wa kwao, na ndiyo sababu benki zao zilianzisha njia ya malipo ya Wero mwaka 2024.

Shangazi: Wanakata. Kila mtu anakata.

Mdogo wangu: Kukata ni nusu ya habari. Urusi, Machi 2014, Marekani iliziwekea vikwazo benki mbili tatu, na Visa na Mastercard zikaacha kuzihudumia. Mtu anakwenda dukani Moscow, hela yake iko Moscow, kadi inakataa. Urusi ikatunga sheria mwaka ule ule, ikajenga kituo chake cha kuchakata malipo ya kadi, na mwaka 2015 ikazilazimisha kampuni hizo kupitisha miamala ya ndani hapo. Mwishoni mwa mwaka ikatoa kadi yake, Mir. Machi 2022, baada ya kuivamia Ukraine, Visa na Mastercard zikaondoka kabisa. Kadi zile zile, zenye nembo zile zile, ziliendelea kufanya kazi ndani ya Urusi, kwa kuwa njia ilishahamia nyumbani. Waliokwama ni waliokuwa nje ya nchi.

Shangazi: Sasa sisi tumevamia nani?

Mdogo wangu: Hatujamvamia mtu.

Mzee: Ngoja, hapa nitamsaidia kijana, maana sitaki aonekane anatutishia vita. Mnaikumbuka FBME? Benki iliyosajiliwa hapa, makao makuu Dar es Salaam, biashara yake kubwa ikiwa Cyprus. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliituhumu kwa utakatishaji fedha na kupendekeza ifungiwe nje ya mfumo wa dola. Benki Kuu yetu iliiweka chini ya uangalizi mwezi ule ule, na Mei 2017 ikafuta leseni. Sisemi tuhuma zilikuwa za uongo. Ninachosema, uamuzi uliomaliza benki ya Dar es Salaam uliandikwa Washington. Mtu wa Kariakoo mwenye amana yake mle hakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza.

Kwangu mimi mfano huu una nguvu kuliko ule wa Urusi. Nchi iliyovamia jirani yake ikikatiwa njia, wengi wetu tutasema imejitakia. Lakini mwenye amana wa Kariakoo alitegemea uamuzi wa watu wasiomjua, na wala hawakuwa na wajibu wa kumjua. Hata kama wana haki, hawamjibu yeye.

Kimya kidogo kilipita. Kisha Shangazi akasema lile ambalo, naamini, ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo.

Shangazi: Julai 2021 nilikaa hapa hapa. Asubuhi moja mteja anatuma, anaona amekatwa makato ya kampuni, halafu amekatwa na tozo juu yake. Wakanitukana mimi. Mama mmoja alinirushia karatasi. Wiki ya pili wateja wakarudi kwenye bahasha na kondakta, kama zamani. Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, lakini waliokwenda hawakurudi wote. Aliyeweka ile tozo alikuwa Vodafone?

Mdogo wangu: Hapana.

Shangazi: Alikuwa nani?

Mdogo wangu: Bunge letu. Lakini angalia, Shangazi, njia zilikuwa za kampuni za kigeni wakati huo, na hazikukukinga. Mgeni hakusimama mbele yako. Alikusanya tozo akaipeleka.

Shangazi: Ndiyo nasema hivyo. Kama serikali ilinifikia njia ikiwa ya mwingine, ikiishika na njia yenyewe itakuwaje?

Mzee: Na si tozo tu. Tarehe 29 Oktoba mwaka 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, siku kadhaa. Programu za benki zinazotegemea intaneti zikanyamaza zote pamoja, za wenyeji na za wageni. Sitaki kufungua kidonda hicho hapa barazani. Nasema tu kwamba hayo hayakuamuliwa Washington wala London.

Mdogo wangu alikaa muda bila kusema. Anaipenda nchi hii na anaipenda kazi yake, na nilijua maneno ya Mzee yalimwingia. Mimi mwenyewe ninasimama pale alipokuwa amesimama kabla ya kunyamaza, na bado nasimama pale baada ya hapo: njia ya malipo ya ndani iwe ya ndani. Malipo ya kadi kati ya benki mbili za Dar yasiwe na sababu ya kupita kwa mtu wa tatu aliye ng'ambo ya bahari. Lakini siwezi tena kuisema hoja hiyo bila nusu ya pili. Tukiirudisha swichi nyumbani bila kumfunga mikono mwenye nyumba, tutakuwa tumembadilishia yule mama wa dawa mtu wa kumngoja, na kwenye benchi atabaki pale pale.

Kumfunga mikono maana yake ni nini? Hapo ndipo mjadala ulipoanza kuwa na faida, na ndipo Mzee alipokuwa bora kuliko sisi sote.

Mzee: Mimi ningetaka mwenye kuendesha swichi asiwe yule yule anayetunga tozo. Benki Kuu inajenga, vizuri. Lakini nani anaikagua Benki Kuu ikiwa yenyewe ndiyo mchezaji na ndiyo refa? Sisi NBC tulikaguliwa na wakubwa wetu wenyewe. Ningetaka sheria iseme kuzuia miamala ya mtu kunahitaji amri ya mahakama, na kuzima njia nzima kwa amri ya ofisi ni kosa. Na kila mwezi itangazwe hadharani swichi imekaa chini saa ngapi.

Mdogo wangu: Brazil wana kitu karibu na hicho. Pix, njia yao ya malipo ya papo hapo, ni ya benki kuu yao, ilianza Novemba 2020. Benki kubwa zililazimishwa kuingia, na mtu binafsi halipi kutuma. Mwuza juisi wa ufukweni ana Pix. Imekua mpaka mwaka 2025 serikali ya Marekani ikaiingiza kwenye uchunguzi wake wa biashara dhidi ya Brazil, ikidai mifumo ya malipo ya kielektroniki ya Brazil inazibana kampuni za Marekani. Kwa hiyo ukijenga njia yako, usidhani utaachwa kwa amani.

Shangazi: Halipi kutuma? Sasa wakala wa kule anakula wapi?

Tulicheka, lakini aliuliza kweli, na swali lake lilikaa pale mpaka mwisho. Njia ya bure ni bure kwa mtumaji. Kuna mtu anayeilipia: benki, au serikali, au Shangazi kwa kukosa kamisheni. Anayeahidi malipo ya bure na asimtaje huyo mtu hajamaliza kusema.

Mdogo wangu: India nao wana la kutufundisha, na hili linaniumiza kidogo. Walianzisha shirika lao la malipo mwaka 2008, wakatoa kadi yao, RuPay, mwaka 2012, na UPI, njia yao ya malipo ya simu, mwaka 2016. Agosti 2023 UPI ilipita miamala bilioni 10 kwa mwezi mmoja. Njia ni yao kabisa. Lakini mteja haioni njia, anaona programu kwenye simu, na zaidi ya miamala minane katika kila kumi inapita kwenye programu mbili: PhonePe, ambayo ni ya Walmart, na Google Pay.

Mzee: Walijenga barabara, magari yakawa ya wageni.

Mdogo wangu: Ndiyo. Lakini gari likikuudhi, unabadilisha kesho asubuhi na hela yako inabaki ilipo. Barabara huwezi kuibadilisha kesho. Kenya ni kinyume. Benki zao zilianzisha PesaLink mwaka 2017, yao wenyewe, na bado Mkenya anatuma kwa M-Pesa, kwa sababu ndiko waliko watu wote. Kuwa na njia hakumfanyi mtu apite humo.

Niliuliza kuhusu mipaka, kwa kuwa nina jamaa wafanyabiashara Tunduma. Mwenye duka la Tunduma na mwenzake wa Nakonde, Zambia, wanatenganishwa na barabara, lakini malipo ya kibenki kati yao yanaweza kwenda kwa dola kupitia New York. Mdogo wangu akataja mifumo iliyopo: ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu kwa zaidi ya miaka kumi sasa, ule wa SADC unaotumia randi, na PAPSS uliozinduliwa Accra Januari 2022 ili Mwafrika amlipe Mwafrika kwa sarafu zao. Jamaa zangu wa Tunduma hawajawahi kuitaja. Wanabeba noti. Njia zimejengwa kwa ajili ya benki na hazijafika kwenye meza kama hii ya Shangazi, na kwangu mfumo usiofika mezani pake bado haujaanza kazi.

Shangazi: Mmesema mengi na mimi nimeelewa zaidi ya mnavyodhani. Sasa niwaambie la kwangu. Leo yule mama kaniuliza, imegoma wapi? Nikamwambia mtandao. Ndivyo tunavyojibu wote. Benki nayo inajibu mtandao, ofisi ya serikali inajibu mtandao. Mei ile mwaka 2024 waya zilipokatika baharini, kweli ilikuwa waya, lakini jibu lilikuwa lile lile la kila siku. Mimi sijali swichi ni ya Mzungu, ya Mhindi au ya Gavana. Nataka ikigoma, ujumbe uje kwenye simu ya mteja useme imegoma kwa nani. Jina. Na makato yarudi. Mgeni ukimwambia hivyo atakuambia hayamo kwenye mkataba. Wa kwetu atasema nini?

Mdogo wangu: Wa kwetu tunaweza kumwandikia sheria.

Shangazi: Mtaiandika?

Hakumjibu. Kwa siri nilitamani amwambie ndiyo, lakini yeye ni mtu mkweli, na anajua sheria haziandikwi kitengo cha kadi. Mzee alisema kwa sauti ndogo kwamba neno "jina" lilikuwa halimo kwenye orodha yake, na kwamba lingepaswa kuwa la kwanza.

Karibu saa tatu usiku yule mama wa dawa alirudi. Alikuwa na elfu kumi ya Shangazi mkononi, imekunjwa mara nne. Mtandao ulipoamka alikuwa ameshafika Temeke hospitali, akatolea huko kwa wakala mwingine. Shangazi alifungua daftari, akakata mstari juu ya deni, akamuuliza mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri, amelala. Kisha akamuuliza kama alipotoa walimkata.

Mama alitoa simu, akatafuta ujumbe, akampa Shangazi asome mwenyewe kwenye mwanga wa taa. Makato yalikuwa yale yale ya siku zote.